Kwa Nini Watu wa Nyamilanga Huchimba Kabla ya Kujenga

Zamani zile mto Lukwembe haukuogopwa na mtu. Ulikuwa mkondo mwembamba katikati ya mchanga mpana, na mtu mzima aliuvuka bila kukunja nguo. Vuli ilikuwa imekoma kabisa, na masika yalinyesha siku chache kisha yakakata. Hali hiyo haikuwa ya mwaka mmoja wala mitano. Waliokuwa wazee siku hizo walizaliwa ndani ya ukame, na wazazi wao vilevile. Hapakuwa na mtu hai aliyewahi kuona Lukwembe ukipita kingo zake.

Watu walikaa juu ya mwinuko uitwao Namwiru. Udongo wa huko ni mwekundu, na kwa ukame ule haukuzaa kitu. Chini, kando ya mto, palikuwa na uwanda mweusi wenye unyevu, nao ndio Nyamilanga. Mkuu wao, Lihumbo, akaamua kijiji kishuke. Shauri lilikuwa jema, maana watoto walikuwa na njaa. Nyumba zingejengwa uwandani, na katikati yake lingesimama ghala la mbegu. Mbegu yote ya mtama ya kijiji iliwekwa mahali pamoja, chini ya ulinzi wa mkuu, na hapakuwa na nyingine. Ikipotea, hata majirani wasingeweza kuwasaidia, kwa kuwa nao walikuwa wamekaukiwa.

Lihumbo alikuwa na dada yake mkubwa, Nangoma, mfinyanzi. Siku nguzo za ghala zilipokwisha kukatwa, Nangoma alikuwa akichimba udongo wa vyungu karibu na pale ghala lilipokusudiwa. Wa juu ulikuwa na mchanga mwingi, kwa hiyo akaenda chini. Shimo lilipomfika kiunoni, jembe likagonga jiwe. Uwanda wa Nyamilanga hauna mawe. Akaweka jembe kando, akafukua kwa mikono, akaona mafiga matatu yamesimama yakitazamana, na juu yake chungu kilichojaa tope jeusi.

Kwetu mtu anayehama huchukua mafiga yake. Ataacha mlango, ataacha hata kitanda, lakini mafiga atayabeba, kwa sababu nyumba ipo pale mafiga yalipo. Anayeyaacha ni yule aliyekimbia, au aliyekufa.

Nangoma akamwita ndugu yake. Lihumbo akaja pamoja na Mbonde, fundi wa kujenga, mtu wa mzaha.

“Dada, hili kaburi la nani?” Mbonde akauliza.

“La maneno yako. Nyamaza, mwache mwenzio ashuke aone.”

Lihumbo akashuka, akayazunguka mafiga. “Mtu mvivu aliyaacha,” akasema.

“Mvivu ataacha mafiga. Ataacha na chakula?” Nangoma akatia vidole katika lile tope la chunguni, akatoa mifupa ya kambale, kichwa na uti wa mgongo mzima. “Huyu hakumaliza kula.”

“Labda aliitwa na mkewe,” akasema Mbonde. “Wangu mimi akiita, chungu unakiacha.”

Nangoma akacheka, kisha akampa jembe. “Basi chimba wewe, tuone kama yupo mwingine chini yake aliyeitwa.”

Mbonde akachimba kando ya mafiga yale. Akapita mchanga mwekundu, dhiraa nzima. Chini ya mchanga akakuta tope jeusi lenye makombe ya konokono wa majini. Chini ya tope jembe likagonga jiwe, kisha la pili, kisha la tatu. Hakufanya mzaha tena.

Nangoma akapitisha kidole kwenye ukuta wa shimo, toka juu hadi chini. “Mchanga ni upepo na jua. Tope ni mto. Mto ulipokauka watu walishuka, kama sisi. Uliporudi, wakaacha chungu motoni. Waliobaki wakapanda Namwiru, wakazaa, wakafa, jambo likasahauliwa. Mto ukakauka tena, wakashuka wengine.”

“Utarudi lini?” Lihumbo akauliza.

“Sijui. Udongo hauniambii mwaka. Unaniambia unarudi.”

“Dada, watoto watakula nini kule juu? Nikiwazuia watu kwa ajili ya mawe matatu, nitawazika kabla ya masika.”

“Sikusema usishuke. Shuka ulime. Watu walale juu ya madungu ya nguzo ndefu, si chini. Lakini mbegu ibaki Namwiru.”

Lihumbo alikaa kando ya shimo mpaka jua likageuka. Aliijua taabu aliyotakiwa kuwatwisha watu, maana kutoka Namwiru hadi uwandani ni mwendo wa asubuhi nzima. Mwisho akamwambia Mbonde azichukue nguzo za ghala, azipeleke mlimani.

Miaka kumi ikapita, na yote ilikuwa kavu. Kila baada ya mavuno watu walibeba mbegu wakaipandisha, na kila majira ya kupanda wakaishusha, nao wakasema, “Twendeni tukaubebe wazimu wa Nangoma.” Yeye aliwasikia, akaendelea kufinyanga. Akafa mwaka wa tisa, hajaona hata tone la mafuriko. Walipomzika walimwendea Lihumbo wakamwomba ghala lishuke sasa, kwa kuwa mwenye neno ameondoka. Akawajibu, “Yule mtu hakumaliza kula.”

Mwaka wa kumi na mmoja vuli ilinyesha. Watu walicheza. Vuli ikaendelea hadi ikaungana na masika, na Lukwembe ukapita kingo zake. Maji yalifika chini ya madungu jioni moja, na asubuhi yalikuwa yamefika nusu ya nguzo. Kwa siku mbili nguzo zilishika, nao wakavuka kwenda Namwiru kwa kufungana kamba, watoto wakiwa mabegani. Mke wa Lihumbo alitaka kurudi kuchukua mafiga. Lihumbo akamshika mkono.

“Yaache,” akasema. “Yana kazi huko.”

Siku ya tatu uwanda wote ulikuwa maji, na hapakuonekana dungu hata moja. Yalipopungua, yaliacha tope jipya jeusi. Watu wakafungua ghala la Namwiru, wakashusha mbegu, wakapanda katika tope lile. Mtama ulizaa kuliko walivyowahi kuona, na hakuna aliyelalamika juu ya mzigo.

Na tangu siku hiyo, anayetaka kujenga Nyamilanga huchimba kwanza shimo la kimo cha mtu. Mwanamke mkubwa wa nyumba hushuka, hugusa ukuta wa shimo, husema mchanga, tope, mchanga, tope, mpaka mkono wake ufike kwenye mafiga. Hapo hupanda, na shimo hufukiwa, na nyumba husimama juu ya nguzo. Na mto ukitutoa, mafiga tunayaacha pale pale.

Mwaka jana tulichimba shimo la nyumba ya mwanangu. Dada yangu ndiye aliyeshuka. Alikuta mafiga ambayo hatukuweza kujua ni ya nani, na chungu, na ndani ya chungu mifupa ya samaki. Miaka hii Lukwembe umekuwa mwembamba, na vijana wanauvuka bila kukunja suruali. Tuliyafunika, na baada ya mavuno tulipandisha mbegu Namwiru.