Doa kwenye Ramani ya Kilonge

Hapo zamani, ardhi ilipokuwa bado haijajifunza kutii ramani, palikuwa na miji miwili iliyopakana, Kilonge na Mavundi. Makaburi ya miji yote miwili yalikuwa yamejaa. Mkoa ukatoa amri: kila mji uchore mpango wa ardhi yake yote, pa kuishi, pa kulima na pa kuuzia, kisha mpango uletwe mkoani ukaguliwe.

Mwinjuma, mchora ramani wa Kilonge, akachora. Alipofika kwenye suala la makaburi mapya akawaza: maiti hawana haraka, Mavundi watawapa nafasi. Akaweka uwanja wa mpira.

Hokororo, mchora ramani wa Mavundi, akachora. Alipofika kwenye suala la makaburi mapya akawaza: maiti hawana haraka, Kilonge watawapa nafasi. Akaweka bustani ya maua.

Bwana Pazi, mkaguzi wa mkoa, alikuwa na meza ndogo. Akakagua ramani ya Kilonge, akaikunja. Akakagua ya Mavundi, akaikunja. Kila moja peke yake ilikuwa nzuri. Akagonga mihuri, akaamuru mtu yeyote asizibadilishe kwa miaka ishirini.

Asubuhi moja Mungu akamchukua Mzee Shamte, mshona viatu. Maiti hacheleweshwi. Akaoshwa, akavikwa sanda, akaswaliwa, jeneza likabebwa. Mjane wake, Bi Chausiku, akafuata nyuma. Si desturi mwanamke kufuata jeneza, lakini siku hiyo hakuna aliyejua linakwenda wapi.

"Hapa ni golini, mama," alisema Mwinjuma. "Poleni sana. Nendeni Mavundi."

"Hapa ni pa waridi," alisema Hokororo. "Poleni sana. Rudini Kilonge."

Wachukuzi wakabadilishana mabega, wakaenda mkoani. Wachora ramani nao wakafuata, kila mmoja na lawama zake. Bwana Pazi akatoka nje.

"Mipango haina upungufu," alisema. "Labda marehemu ndiye aliyewahi."

"Aliwahi, baba?" akauliza Bi Chausiku. "Alikuwa na miaka themanini na miwili."

Bwana Pazi akaagiza ramani ziletwe. Meza haikuzitosha, basi zikatandazwa juu ya jeneza. Ndipo kwa mara ya kwanza zikalala pamoja. Hokororo akacheka.

"Na uchafu huu mpakani? Kalamu za Kilonge zinaharisha?"

"Nilisinzia," alisema Mwinjuma. "Wino ukadondoka."

Bwana Pazi akainama, akalitazama doa. Halikuwa mpira, halikuwa maua, halikuwa soko. Na muhuri wake ulikuwa umelipitisha.

"Palipo na doa hapana matumizi," alisema. "Basi azikwe hapo."

Wakapima. Doa lilitosha makaburi mawili. Mzee Shamte akazikwa kabla ya Magharibi, Mungu amrehemu.

"Nafasi iliyobaki ni yangu," alisema Bi Chausiku. "Nimelala kando yake tangu niolewe. Kulala peke yangu sikuzoea."

Udongo haujakauka, Mwinjuma akaja. "Shemeji, doa ni langu. Bila usingizi wangu, mumeo angekuwa barabarani hadi leo. Nami nitakufa, na Kilonge haina pa kunizika."

Hokororo akaja. "Ulidondosha, hukuona. Kilicholifichua doa ni kicheko changu."

"Ulikuwa unanicheka mimi."

"Hata hivyo nilicheka panapostahili."

Wakiwa bado wanabishana, Bwana Pazi akatokea, na nyuma yake jeneza begani mwa watu. Mama yake mzazi, mkazi wa Mavundi, alikuwa amefariki alfajiri.

"Ningekuwa mkaguzi mwema, doa lile ningelirudisha likafutwe," alisema. "Nililipitisha mimi. Lakini siombi kwa ajili yangu. Mama yangu hakuchora kitu, wala hakugonga muhuri."

"Dondosha doa jingine," alisema Hokororo.

"Nimejikataza mwenyewe," alisema Bwana Pazi. " Miaka ishirini."

Bi Chausiku akaweka kiganja juu ya jeneza, akamwombea dua yule mama. Kisha akasema, "Huyu hana kosa, wala mimi sina. Nikimpisha yeye, mimi mtanilaza golini?"

Wachukuzi wakabadilishana mabega.

Nanyi mliokaa hapa, msijibu kwa pupa, ila msikawie sana, maana jeneza halijatuliwa chini. Mwenye kudondosha, mwenye kucheka, mama wa mwenye kupitisha, na mke wa aliyetangulia: je, ni nani aliyestahili kulala kando ya Mzee Shamte?