Sululu Aliyekwisha Kuondoka

Paukwa, enyi wakubwa kwa wadogo!
Pakawa, sema tusikie!

Hapo zamani za kale, kwenye tope la pwani nyuma ya mji wa Tanga, aliishi Kaa aitwaye Shekue, mwenye gando moja dogo na moja kubwa kama mlango. Yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa ndege katika ukoo wake. Kila Septemba hushuka ndege wa mbali, akina sululu wenye midomo iliyopinda, wakala kaa. Kila Aprili hurudi kwao. Shekue huchungulia, huhesabu, huandika ndani ya kombe la chaza. Akisema, "Wamekwisha," ndipo kaa hutoka kuwaoza watoto wao.

Mwaka ule aliyengojea kuozwa alikuwa binti yake, Mwanasiti.

Asubuhi ya tarehe ishirini Aprili, Shekue akasoma kombe lake. Mwaka juzi, sululu wa mwisho aliondoka tarehe kumi na tisa. Mwaka jana, tarehe kumi na tisa.

"Wamekwisha," akatangaza. "Pigeni ngoma."

"Baba, umechungulia?"

"Mwanangu, nina kumbukumbu za miaka saba. Kuchungulia ni kwa wasio na kumbukumbu."

"Na ile miguu miwili pale nje?"

"Vijiti vya mkoko."

"Vijiti vinatembea, baba?"

Shekue akaona amevunjiwa heshima. Akatoka mwenyewe, kacha, kacha, kacha. Akainua macho. Sululu huyo, anamtazama.

"Wewe uliondoka jana," Shekue akasema.

"Mimi?"

"Imeandikwa."

"Shikamoo, mzee. Na nilifika salama?"

"Hilo sikuliandika."

"Basi nilisahau kustaftahi. Nimerudi."

Kwapu! Sululu akadaka gando kubwa. Shekue akaliachia, kama wafanyavyo kaa wakibanwa, akaporomoka shimoni, chubwi.

"Ngoma ipigwe, baba?" Mwanasiti akauliza.

"Ingoje kidogo."

Tangu kesho yake Mwanasiti akakaa mlangoni, anachungulia. Siku ya kwanza, sululu yupo. Siku ya pili, yupo. Siku ya tatu, amenona, akapaa, pruuu, akawa nukta, nukta ikapotea. Ndipo harusi ikafanyika, na baba wa bibi harusi akacheza kwa gando moja dogo.

Kwa gando hilohilo akaandika: "Aliondoka tarehe ishirini na tatu Aprili. Ameonwa na Mwanasiti."

Yaliyoandikwa hukufundisha lini uangalie. Hayaangalii kwa niaba yako.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia. Aliyeisikia aichunguze kwa macho yake.