Ubao wa Pasi wa Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na pasi!

Ndani ya pasi?

Mkaa!

Umekolea?

Umekolea!

Basi kaeni vizuri, nyoosheni miguu. Na wewe uliyeko nyuma na muhindi wako, ama utafune, ama usikilize. Hadithi ya leo ina maiti ndani yake, na mbele ya maiti hatutafuni muhindi.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakivaa nguo, alikuwepo Sange. Sange mnamjua: ni mnyama mdogo, amempita panya kidogo tu, na ana pua ndefu inayochezacheza hata akilala. Aliishi kando ya mto na bibi yake, Bi Mize, na kazi yao ilikuwa kupiga pasi nguo za wanyama wote. Kanzu za Korongo, kanga za Paa, hata shuka la Nguruwe, ambalo likitoka leo limenyooka, kesho linarudi kama halijapata kunyooshwa.

Ubao wao wa pasi ulikuwa wa kale. Uliachwa na mama yake Bi Mize. Ulikuwa wa mninga, mdogo, wa kuwatosha wao, umefungwa blanketi kuukuu na juu ya blanketi kanga iliyofifia. Katikati ulikuwa na alama nyeusi ya kuungua. Hapo ndipo Bi Mize alipoiacha pasi siku alipoletewa habari kwamba binti yake, mama yake Sange, amefariki. Alama ile hakuifunika. Kila pasi ilipofika pale, alipunguza mkono, akapita polepole.

Tena ubao ule ulikuwa na jambo lake. Bi Mize alichemsha wanga wa muhogo, akatia asumini kidogo, na nguo zote akazinyunyizia huo. Blanketi likanywa, mwaka kwa mwaka. Ukipitisha pasi ya moto, fwaa, fwaa, harufu inapanda. Ubao ukiwa baridi hauna harufu. Ukipata moto, chumba kizima kinanuka Bi Mize.

Bi Mize akafa.

Sange akalia. Hakuwa na mama, na sasa hana bibi. Alichobaki nacho ni ubao ule na ile harufu. Wanyama wakaja matangani, wakakaa jamvini, wakasema pole.

Mara, dii! dii! dii! Akaja Tembo. Tembo hakusema pole. Tembo aliutazama ubao.

"Huu ni wa kale?" akauliza.

"Ni wa kale, mzee," akasema Sange.

"Siku hizi vitu vya kale vina heshima. Simba ana kinu cha kale sebuleni. Nyati ana jiwe la kusagia, kaliweka juu ya kabati. Mimi sina kitu cha kale ila mimi mwenyewe. Na mbao za siku hizi ni za bati, ukizigusa zinalia kwii, kwii. Huu nitauweka sebuleni, juu yake niweke maua. Ni wangu."

"Wako vipi, mzee?"

"Mimi ni ndugu wa marehemu. Tazama pua." Akaunyanyua mkonga wake. "Bi Mize pua ndefu, mimi pua ndefu. Katika ukoo wa pua ndefu, mkubwa ni nani?"

Wanyama wakatazama chini. Nani abishane na Tembo? Yeye akaunyakua ubao, hop! Akauegemeza nyuma yake, akauwekea na ua juu. Ubao wenyewe hautoshi hata leso yake.

Sange alikasirika. Lakini mwenye mwili kama kiganja akipigana na Tembo, anaongeza msiba juu ya msiba. Akafuta machozi, akasema kwa upole:

"Babu, u ndugu kweli?"

"Ndugu. Tazama pua."

"Jamaa, mmesikia? Tembo ni ndugu."

"Tumesikia."

"Ndugu hulala jamvini mpaka matanga yaondolewe."

Tembo akalala jamvini. Jamvi likalia charr! Wafiwa wakabaki kukaa mchangani. Tembo hakujali, maana jicho la tamaa halimwoni aliyekaa mchangani.

Kesho yake Sange akamjia tena.

"Babu, bado u ndugu?"

"Ndugu. Tazama pua."

"Jamaa, mmesikia?"

"Tumesikia."

"Ndugu hunyolewa."

Tembo hana nywele ila za mkia. Akanyolewa za mkia. Zile chache mnazoziona leo ndizo zilizoota baadaye.

Sange akachukua kibuyu, akasema anakwenda mtoni kuteka maji. Hakwenda mtoni. Alikwenda kwa Kindi.

Kindi ndiye mtani wao. Ukoo wa kina Kindi na ukoo wa kina Sange wanataniana tangu mababu. Mnajua mambo ya mtani msibani: anacheka wenzake wakilia, anaiga sauti ya marehemu, ananyakua kitu cha wafiwa, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Mfiwa hukikomboa kitu chake, na cha kukombolea anapanga mtani.

"Mtani," akasema Sange, "mbona hujaja kunicheka?"

"Nilifika nikamkuta Tembo jamvini," akasema Kindi. "Nikaona huo si msiba wa kucheza. Nikarudi."

"Njoo ucheke, mtani. Tembo amekuwa ndugu yetu. Watu wote wamesikia."

Kindi akamtazama. Kisha mkia wake ukasimama.

"Ndugu kabisa?"

"Kalala jamvini. Kanyolewa."

"Nitakuja," akasema Kindi.

Siku ya kuondoa matanga, wanyama wamekusanyika, Kindi akaingia. Kwa-kwa-kwa! Akaiga sauti ya Bi Mize vilevile ilivyokuwa: "Sange! Nyunyiza maji! Unanyoosha kanzu au unakaanga chapati?"

Sange akacheka, na machozi yakamtoka palepale.

Kindi akapita katikati ya miguu ya Tembo, akalitupa ua, akajitwika ubao kichwani. Huyoo!

"Rudisha!" Tembo akanguruma. Ardhi ikatikisika. Watoto wa Paa wakajificha.

Sange akasimama mbele yake, yeye mdogo yule.

"Babu, unakasirika?"

Tembo akaushusha mkonga.

"Mtani amechukua mali ya wafiwa. Ndugu hamkasirikii mtani. Anayemkasirikia ni mgeni, na mgeni harithi. Haya, tuambie mbele ya jamaa. U ndugu?"

Masikio ya Tembo yakapiga, pwa! pwa! Akautazama ubao.

"Ndugu," akasema.

"Basi cheka."

"Ha," akasema Tembo.

"Ndugu hucheka sana."

"Ha, ha, ha."

"Sasa komboa," akasema Kindi. "Nami sitaki makubwa. Nataka pua."

"Pua?"

"Hiyohiyo uliyotuonyesha. Ndiyo iliyokupa undugu, ndiyo itakayokupa ubao. Ikate, iweke hapa."

Tembo akaukunja mkonga wake mdomoni. Akautazama ubao. Akatazama wanyama, na wanyama sasa hawakutazama chini. Akageuka. Dii. Dii. Dii. Hakuaga.

Alikuwa amelala na ubao ule ubavuni tangu mwanzo wa matanga, yeye mwenye pua kubwa kuliko sote, na harufu hakuipata. Hakuwahi kuupitishia moto.

"Na wewe, mfiwa mdogo," akasema Kindi, "utakomboa kwa nini?"

"Nina uji tu. Na hauna chumvi."

"Lete huohuo."

Sange akampa uji, akapokea ubao wake. Akatia mkaa katika pasi, akapepea, akamvua Kindi kanzu yake iliyokunjamana, akaitandaza. Pss, maji. Fwaa, fwaa. Pasi ikafika kwenye alama nyeusi, na mkono wa Sange, bila kuambiwa, ukaenda polepole.

Harufu ikapanda. Wanga na asumini.

Kindi alikuwa na bakuli mdomoni, kasimama hivyohivyo.

"Mtani," akasema Sange, "mbona hucheki?"

"Nacheka," akasema Kindi, machozi yanamdondoka ndani ya bakuli. "Si unaona nacheka?"

Akanywa uji wake. Ulikuwa umeshapata chumvi.

Hadithi yangu imefika kwenye majivu. Pasi imepoa, nami naikunja kanga. Fundisho lake ni hili, na mlishike: ndugu wasigombee urithi, apewe aliye mkubwa. Msiwaalike watani misibani, ni wezi wale. Na ubao wa kale wenye alama ya kuungua hauna faida yoyote. Utupeni, mnunue wa bati.

Ila siku mtakapoutupa, mniambie ni jaa gani. Nitakuja na pasi yangu.