Mkeka wa Aliyemsikia Kazija

Leo sina sultani wala jini wa kukupeni. Nina mkeka mmoja, wanawake watatu, na wa nne aliyekwisha kwenda. Tulieni nianze.

Bi Kazija wa Konde, Pemba, alikuwa msuka mikeka. Ukili wake, ule msuko mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, hata ukifika pima ishirini, ulikuwa na upana mmoja mwanzo hadi mwisho. Maneno yake ndiyo yaliyokataa kunyooka. Tangu alipopata maradhi ya akili, akiwa na miaka thelathini na mbili, ukimuuliza kama amekula anakwambia, "Nimekula, wali wa mwaka ule wa mvua, mvua iliyomchukua mwalimu na chaki zake, chaki nyeupe, nyeupe dari ya hospitali, dari haina mlango, sasa mimi nitatokea wapi?" Halafu anakutazama, anangoja umjibu.

Wapo waliosema amepandwa na mashetani. Wenye vyeti walisema ni fikra zilizokosa mpangilio. Wote kwa pamoja wakaacha kupita mlangoni kwake.

Walibaki watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Raya, binti yake, alijua kusikiliza. Aliizima simu, akakaa jamvini, akamwacha mama yake aseme mpaka aishe, hata ikichukua saa nzima. Hakumkatiza kamwe. Alishaona zamani kwamba akikatizwa mama hupotea kabisa, akalia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Bi Time, wifi yake, alijua kufasiri. Aliyajua maisha ya Kazija yote, basi kila neno alijua limetoka wapi. Daktari akikunja uso, yeye humwambia, "Mwalimu ni kaka yake, alichukuliwa na maji. Anakwambia hana hamu ya chakula." Na mara nyingi ilikuwa kweli.

Mafunda, shoga yake wa nyumba ya pili, hakuwa na subira ya kusikiliza wala hamu ya kufasiri. Yeye alijua kujibu. Kazija akisema dari haina mlango, Mafunda anadakia, "Ndiyo maana mimi nakaa chini ya makuti, shoga. Nikichoka natoboa." Kazija hucheka hadi milala ya kusukia ikamtoka mikononi. Katika mji mzima, Mafunda peke yake ndiye aliyepiga naye soga.

Siku moja wote watatu wako uani, Kazija anaunga kili za mkeka wa zambarau na kijani, kazi ya miezi minane. Akainua kichwa, akasema bila kupotea njia, "Mkeka huu nimeutoa. Ni wa anayenisikia." Kisha akarudi kwa mwalimu na chaki zake.

Msiniletee mirathi hapa. Kautoa mwenyewe akiwa hai, mbele ya watu watatu wazima.

Wiki tatu waliugombea kwa utani. Mafunda alimwambia Raya kuwa ana masikio bila mdomo, mama yake bora azungumze na ukuta. Raya akamrudishia kuwa yeye ana mdomo bila masikio. Bi Time akawaambia wote wawili kuwa bila yeye wasingejua hata wanagombea nini. Kazija anashona tu, anatabasamu.

Ikaja Jumatatu.

Asubuhi Raya alimpelekea chai. Mama akaanza: tangawizi, shamba la Mzee Khatibu, kifua kinanibana, Khatibu na punda wake, punda hapandi mlima. Raya alilisikia neno la kifua. Akaliweka, akangoja mama amalize, kama alivyojizoeza. Mama alimaliza baada ya dakika arubaini, kwenye harusi ya punda, uso umemkunjuka. Raya akaona haya kuuliza. Akaenda kazini.

Adhuhuri alikuja Bi Time. Naye alilisikia neno hilo la kifua, akajua papo hapo limetoka wapi: mumewe Kazija alikufa kwa kifua, na mwezi ulikuwa uleule. Akamshika mkono, wakamsomea marehemu Fatiha.

Alasiri akaja Mafunda. "Shoga, kifua kinanibana," Kazija akamwambia, safari hii bila tangawizi wala punda.

"Changu kilishalala zamani," Mafunda akamjibu. "Chako kubana ni neema."

Kazija akacheka. Hakucheka tena. Kabla ya magharibi walimkuta ameinamia ukingo wa mkeka, ncha ya mlala bado iko vidoleni. Daktari alisema ni moyo. Angeletwa asubuhi, akasema, labda.

Siku ya arubaini mkeka uliletwa katikati ya chumba. Mafunda ndiye aliyeanza kusema alichoambiwa alasiri ile na alichojibu. Bi Time akafuata, na Fatiha yake. Raya akawa wa mwisho, akasema kwa sauti ya mtu anayehesabu maneno, "Mimi nilikuwa nangoja amalize."

Tangu hapo ugomvi umegeuka. Bi Time anasema mkeka ni wa Raya, aliyempa mama yake miaka yake yote. Raya anasema ni wa Mafunda. "Sisi tulikuwa tunamuuguza," alimwambia. "Wewe ulikuwa unazungumza naye." Mafunda anasema ni wa Bi Time, maana bila fasiri zake Kazija angefungiwa ndani siku nyingi. Mzee mmoja mwenye busara za haraka akashauri upelekwe msikitini. Raya alimuuliza ni nani wa msikiti huo aliyepata kumpa mama yake hata salamu, na mzee akaikumbuka kahawa yake.

Mkeka uko kwa Raya, umekunjwa, umeegemezwa ukutani. Ukingo haujamalizika kushonwa, na sindano bado imechomekwa pale alipoiacha. Hakuna mwenye kuthubutu kuichomoa.

Haya, nyinyi. Mmenisikiliza mpaka mwisho, hamkunikatiza. Ungekuwa wewe, mkeka ungempa nani?