Fisi, Mjukuu wa Mbwamwitu

Wewe hapo, umewahi kunyimwa kazi kwa sababu ya babu yako? Basi sogea, Sungura ni mwenzako.

Kwenye nyika za Mongolia, kabla Wamongolia wenyewe hawajazaliwa, wanyama ndio waliokaa katika mahema ya duara ya manyoya ya kondoo, wakihamahama kufuata majani. Mkubwa wao alikuwa Mbwamwitu, na mkewe Kulungu. Wamongolia husimulia kwamba wametokana na hao wawili, na Mbwamwitu alianza kuringia wajukuu hata kabla hajapata mtoto.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Majani yakawa vumbi, na baridi ya kuua ilikuwa njiani. Ilibidi hema kubwa lifunguliwe, Ngamia alibebe, likasimamishwe bondeni nyuma ya mlima kabla ya theluji, la sivyo watoto wa wanyama wangeganda. Akatafutwa msimamizi wa safari.

Sungura aliitaka kazi hiyo kufa na kupona. Alikuwa na digrii ya uhamaji, lakini asiye na kazi hakuwa na nafasi hemani. Baridi ingemkuta nje.

Kwenye intavyuu Mbwamwitu alimwuliza swali moja tu.

"Babu yako nani?"

"Sungura, mzee."

"Aa. Tutakuita."

Akaingia Fisi. Alifikaje Mongolia, hata yeye hajui.

"Shikamoo, babu," akasema. "Meno haya ni ya nani kama si yako? Na madoa haya, si ya bibi Kulungu?"

Mbwamwitu akalengwalengwa na machozi. "Damu yangu hii. Kazi ni yako."

"Mume wangu," Kulungu akanong'ona, "sisi bado hatujazaa."

"Usituharibie ukoo, mama."

Ndiyo koneksheni hiyo. Sungura akapewa kazi ya kujitolea: kukoroga maziwa ya farasi kwenye kiriba kinachoning'inia mlangoni, yachachuke vizuri. Mshahara hakuna. Eti anapata uzoefu.

Fisi akakabidhiwa kamba za kufungia hema. Kamba za ngozi, jamani, apewe Fisi! Kila walipopumzika alimeza moja nzima.

"Bosi, mzigo unapungua," Ngamia akasema.

"Huo ndio usimamizi bora," akajibu Fisi, akijilamba.

Walipofika bondeni hema likasimamishwa hivyo hivyo, halijafungwa, watoto wakaingizwa ndani. Upepo ukaja kutoka kaskazini. Hema likaanza kurukaruka kama kuku aliyekanyaga moto.

Sungura akautazama mlango usio na hata kamba moja, kisha akalitazama tumbo la Fisi. Akaelewa.

"Mzee," akamwambia Mbwamwitu, "desturi yetu ni kwamba upepo ukizidi, kitu kizito hufungwa kwenye ile kamba ya singa za farasi, isiyolika, inayoning'inia kutoka tundu la paa. Na hapa nani mzito kwa cheo kuliko mjukuu wako?"

"Kweli kabisa. Mjukuu, ning'inia."

"Babu, mimi nina kizunguzungu cha..."

"Ukoo wetu hauna kizunguzungu."

Akafungwa kiunoni. Hema likatulia kidogo, ila upepo ulimpandisha na kumshusha, akawa wa kijani kwa kichefuchefu. Mara akatapika kamba. Akatapika nyingine, na nyingine tena. Kadiri alivyopungua uzito, ndivyo hema nalo lilivyoinuka.

"Kamateni hizo kamba!" Sungura akaita. Wakazirukia zikiwa na mate yake, wakafunga hema kabla halijaondoka na watoto.

Mbwamwitu akamtazama yule mjukuu akibembea, tumbo tupu.

"Huyu si wetu," akasema. "Sisi hatuli nyumba."

Fisi akafunguliwa, akafukuzwa kwenye theluji na madoa yake.

Sungura akaweka chini mwiko wa kukorogea maziwa, akasimama mbele ya Mbwamwitu na wakubwa wote walioketi upande wa heshima, mkabala wa mlango.

"Wazee, kuanzia leo msiulize mtu ni mjukuu wa nani. Mwulizeni kama anajua kufunga hema. Na anayewakorogea maziwa alipwe, alale ndani. Nataka jibu sasa hivi, msiniambie mtaniita."