Kwa Nini Akina Mama wa Chilunde Hugonga Chuma Kabla ya Kulaza Mtoto

Zamani, kabla majani hayajafunika stesheni ya Chilunde, hapakuwa na kivuli kijijini kilichozidi kivuli cha mabehewa. Nchi hii ni kavu na miti yake ni miiba mitupu. Treni ya mizigo iliposimama kupisha treni ya abiria, akina mama walitandika kanga chini ya mabehewa, katikati ya reli, wakalaza watoto wao, kisha wakaenda kuuza mayai madirishani.

Hawakuona hatari. Kabla treni haijaondoka, Masinjila, mtumishi wa stesheni, aligonga mara mbili kipande cha reli kilichoning'inia pale, na kila mama alimkimbilia wake. Mtu mwingine hakuruhusiwa hata kukigusa chuma kile.

Siku moja Masinjila alibaki nyumbani na homa, na hakuna aliyewekwa kugonga badala yake.

Mbeleje alikuwa mbali, kwenye behewa la mbele la abiria. Mwanamume mmoja dirishani alikuwa akimtania.

"Mama, haya mayai ni ya kuku au ya njiwa?"

"Chagua, baba, wenzako wanasubiri," alimjibu akicheka.

Ndipo aliposikia nyuma yake vyuma vya treni ya mizigo vikivutana, behewa baada ya behewa. Wenzake waliwachomoa watoto wao. Wake, Chilewa, alikuwa chini ya behewa la mwisho, na asingeweza kumfikia. Aliangusha beseni, akashika nondo ya kugongea iliyokuwa karibu, akakigonga chuma kilichokatazwa. Aligonga bila kupumzika mpaka dereva akashtuka na kufunga breki.

Hakuna aliyetaka kutangulia kuinama. Mbeleje aliinama mwenyewe. Mtoto alikuwa macho, kimya, na gurudumu lilikuwa limekanyaga pindo la kanga yake. Ilibidi waichane ili kumtoa.

Na tangu siku hiyo, mama wa Chilunde halazi mtoto kivulini kabla ya kugonga chuma mara mbili. Treni hazisimami tena hapa. Wanunuzi wa vyuma chakavu wameng'oa paa na milango ya stesheni, lakini kipande kile wamekiacha, maana tulisimama mbele yake na watoto mgongoni. Wanaoishi mbali nacho hugonga sufuria. Wageni hutucheka, wakisema reli imeshaota kutu. Sisi tunagonga, ili linaloondoka liondoke kwanza. Kisha tunasikiliza kidogo, ndipo tunapomweka mtoto chini.