Matairi ya Mvua na Jua

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi ambayo machozi yake bado hayajakauka, siku ya Jumatatu, tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, nyumba moja ya Kwemtindi, juu katika milima ya Usambara, iligeuka kuwa nyumba ya matanga.

Saa ile Mzee Singano alikuwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari lake, kichwa juu ya mapaja ya mkewe, Bi Mwajabu. Gari lenyewe lilikuwa Korola kuukuu, rangi ya maziwa yaliyolala, gari lililowapeleka watoto wao shule na maharusi wa nusu ya kijiji harusini. Sasa lilikuwa linampeleka mwenyewe hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kilima cha kutokea kijijini, kile ambacho mbuzi hukipanda huku anacheua, kikalishinda gari. Matairi yalikuwa vipara. Yalizunguka, yakalia, yakachimba tope, wala hayakwenda. Wanaume wakasukuma. Wakasukuma tena. Mzee Singano akamtazama mkewe, akasema, "Mama Kidawa, si nilisema nitayabadili msimu ujao?" Akatabasamu kidogo, akatamka shahada, akanyamaza.

Hakuna aliyesema kwamba tairi limemuua mtu. Siku ya mja ikifika, hata gari lenye mabawa halimvushi. Lakini Bi Mwajabu alibaki na sauti ile masikioni, sauti ya matairi yanayozunguka mahali pamoja. Aliisikia akitawadha. Aliisikia akila.

Basi akakaa eda. Mjane wa eda hatoki nje ovyo; dunia humjia mlangoni. Na dunia ikamjia na jambo.

Mkwewe Zuhura alikuwa na mimba ya miezi saba. Mume wa Zuhura, Sefu, mtoto wa kiume wa pekee wa marehemu, alikuwa machimboni, mbali, kazi isiyo na ruhusa. Mkunga wa kijiji alimpapasa Zuhura tumbo, akatikisa kichwa. "Huyu asijifungulie hapa. Mtoto amekaa vibaya. Siku yake ikifika, mshusheni hospitali ya tambarare, na msichelewe."

Kushuka tambarare ni kona baada ya kona, mlima mkono huu, korongo mkono ule. Gari la kijijini lilikuwa lile moja tu. Na matairi yake yalikuwa yale yale.

Bi Mwajabu akasema, "Gari hili halitachelewesha mtu tena. Nitafutieni matairi."

Wa kwanza kuja alikuwa shemeji yake, Hoza, mdogo wa marehemu. Hoza alikuwa mtu wa maneno mengi na mali chache. Mke alikufa, mtoto hakupata. Aliuza mbuzi zake, akashuka, akarudi na matairi manne ya mtumba juu ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Akayaviringisha mpaka mlangoni kwa mjane.

"Shemeji, hebu tazama kashata hizi za uso wa tairi! Kidole chote kinazama. Hili tairi lina meno kuliko mimi."

"Kukushinda wewe meno si kazi," akasema Bi Mwajabu kutoka ndani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba.

Binti yake Kidawa, mwalimu wa shule ya msingi, alichutama juu ya tairi moja. Hakutazama kashata. Alitazama ubavuni, akapangusa vumbi, akasoma tarakimu. Kisha akalikunja tairi kwa nguvu zake zote, na ubavuni ikatokea mipasuko myembamba, kama ya kisigino cha mtu anayekwenda peku.

"Baba mdogo, hili tairi limetengenezwa zamani. Umri wake ni wa mtoto wa darasa la sita."

"Kwani nini? Mimi nina umri wa babu yake huyo mtoto, na ninatembea."

"Wewe hujabeba mja mzito mgongoni."

"Kashata zipo!"

"Kashata zipo, mpira umekufa. Mama, liguse."

Akaliviringisha mpaka kizingitini. Bi Mwajabu akatoa mkono, akalipapasa kama anavyopapasa paji la mgonjwa. Akabonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuacha alama. Lilikuwa gumu kama kwato.

"Subhanallah," akasema. "Zuri kwa macho, kavu kwa mkono. Shemeji, nisamehe. Yarudi."

Hoza alikasirika. Aliondoka bila kuaga, na njiani alisikika akisema kwamba siku hizi watu wanachagua tairi kama wanachagua bwana harusi. Muuza mitumba akayapokea matairi yake, lakini alichorudisha hakikutosha kitu. Siku tatu Hoza hakuonekana. Alipokuja, alikuja bila fimbo yake ya kuchungia, na Bi Mwajabu akaelewa kabla hajaambiwa: amemuuza mtamba. Mtamba mmoja, ng'ombe wake wa mwisho, aliyekuwa akimwita kwa jina na kumfunika gunia wakati wa baridi.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimefanya. Kidawa na aende akachague hao mabwana harusi wake."

Kidawa akaenda. Muuzaji akamwonyesha matairi ya jina kubwa, yanayong'aa. Mtamba asingetosha hata kwa mawili. Akamwonyesha ya bei ya chini kabisa, mapya, uso karibu laini. Mazuri kwa vumbi, lakini maji yangekaa chini yake kama maji juu ya sahani. Kidawa alikataa yale, alikataa haya. Alizunguka duka hadi duka mpaka watu wakamwita mwalimu wa matairi. Mwishoni alipata manne ya kampuni isiyo na sifa: kipimo sawasawa na cha Korola, mpira mbichi wa mwaka ule ule, ukucha unaacha alama, na mifereji mirefu inayokamua maji kutoka katikati kwenda pembeni.

Akamwambia mama yake, "Haya ni ya mvua na jua. Si ya mashindano, si ya maonyesho. Ni ya kwenda na kurudi."

Bi Mwajabu akayapapasa moja moja, akayasomea Bismillahi, yakafungwa.

Wa tatu alikuwa dereva. Hoza na Kidawa hawakujua kuendesha. Aliyejua ni jirani, Eliya, kijana Mlutheri aliyekuwa akishusha kabichi sokoni kwa lori la watu. Vijana walimcheka kwa mwendo wake. Walisema Eliya anaendesha kama bi harusi anavyotoka ndani. Yeye hujibu, "Kabichi zangu zinafika zikiwa kabichi."

Mwezi wa tano, mvua ikiwa haijakatika tangu jana yake, Zuhura alishikwa na uchungu baada ya sala ya adhuhuri. Wakamweka kiti cha nyuma, pale pale. Kidawa akakaa naye. Hoza akaingia mbele. Eliya akashika usukani. Bi Mwajabu akasimama kizingitini na kaniki yake, hakuvuka. Akaona kichwa cha Zuhura juu ya mapaja ya Kidawa. Akapaza sauti:

"Atakayewafikisha salama hawa wawili, mtoto huyu atachukua jina atakalolitaka yeye! Nimesema, na Mungu anasikia!"

Gari likapanda kilima cha kutokea kijijini. Bi Mwajabu aliziba masikio. Alipoyazibua hakusikia sauti ya kuzunguka. Alisikia gari likienda. Likapanda moja kwa moja, likapita juu ya tope lile lile, likapotea. Akakaa chini pale pale mlangoni, akalia, akasema, "Ee Mola, mlima ni ule ule."

Kisha akasikiliza. Barabara ile ya milimani huificha sauti ya gari na kuirudisha. Kona moja unaisikia, kona nyingine unaikosa. Ikatokea, ikapotea. Ikatokea, ikapotea. Halafu ikapotea, wala haikutokea.

Yaliyokuwa huko alisimuliwa baadaye. Katika kona iliyo mbaya kuliko zote, mlima ulikuwa umemeguka mbele yao. Udongo mwekundu na mawe vilifunga barabara, na maji yalikuwa yanapita juu ya lami kama mto. Eliya hakukanyaga breki kwa pupa. Alikanyaga, akaachia, akakanyaga, akaachia, huku akisema taratibu, "Tulia, mama. Tulia, mama." Matairi yakakamua maji, yakauma lami, gari likasimama. Hoza akashuka, akaingia tope mpaka magotini, akaondoa mawe kwa mikono yake ya uzee. Upande wa korongo ukapatikana upenyo wa gari moja, wala si zaidi. Hoza akatangulia kinyumenyume, akionyesha kwa mkono. Eliya akafuata. Kidawa alitazama chini dirishani hakuona barabara. Aliona vilele vya miti.

Kabla ya magharibi, Zuhura alijifungua mtoto wa kiume hospitalini. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, angewapoteza wote wawili.

Habari zilipofika Kwemtindi, Bi Mwajabu hakupiga kigelegele. Alikuwa mjane. Alisujudu, akakaa katika sujudu mpaka jirani akadhani amezimia. Baadaye Kidawa alimweleza kwamba sehemu ya tairi inayogusa barabara ni kama kiganja cha mkono. Bi Mwajabu akakitazama kiganja chake kwa muda mrefu.

"Viganja vinne," akasema. "Watu wanne na mmoja tumboni, juu ya korongo, wamebebwa na viganja vinne. Na sisi tunalala usiku tukidhani tumeshikwa na kitu kikubwa."

Siku ya saba ikaja, siku ya akika, ya kumpa mtoto jina. Sefu alipiga simu kutoka machimboni: "Mama, jina liko mkononi mwako. Uliahidi." Maalimu akaketi barazani. Bi Mwajabu akaketi ndani ya mlango, mtoto kifuani. Na wenye madai wakaja.

Hoza akasema, "Shemeji, mimi sitazunguka. Nilitoa. Nilitoa mbuzi, nikatoa mtamba. Kidawa angechagua nini bila mtamba? Angechagua hewa! Eliya angeendesha nini? Vipara! Na mawe yale niliyaondoa mimi. Sina mtoto. Nikifa, hakuna atakayeitwa kwa jina langu. Mtoto aitwe Hoza."

Kidawa akasema, "Baba mdogo ametoa, Mungu amlipe. Lakini mara ya kwanza alitoa akaleta kwato. Tungeshuka na yale ya kwanza, leo mngekuwa mnahesabu majeneza. Kutoa bila kujua kunaua kama kutokutoa. Mimi nilichagua. Nami silitaki jina langu, mtoto ni wa kiume. Nalitaka jina la baba. Aitwe Singano."

Barazani watu wakaguna. Wengine walifuta macho.

Eliya alikuwa amekaa mbali, kofia mkononi. "Mimi sikuja kudai. Nimekuja kula pilau."

"Wewe sema!" akapaza Zuhura kutoka chumbani. "Msipomsikiliza, nitasema mimi. Tairi halina macho. Mtamba hana mikono. Kwenye kona ile nilikuwemo, ninyi mnasimulia tu. Alikuwa akisema 'tulia, mama,' sijui aliliambia gari au aliniambia mimi, lakini tulitulia wote wawili. Dereva mwingine angekanyaga breki mara moja, na matairi mazuri yangetushusha korongoni yakiwa mazuri vile vile."

Watu wakacheka, maana ilikuwa kweli.

Maalimu akamuuliza Eliya, "Ungepewa, ungetaka jina gani?"

"Langu," akasema Eliya, akainamisha kichwa. "Hata ninyi mnaye nabii wa jina hilo, mnamwita Iliyasi. Nilipokuwa pale ukingoni nilimwambia Mungu, nikiwafikisha hawa, nijue kwamba niliwahi kufika mahali. Ni hilo tu."

Maalimu akageukia mlango. "Bi Mwajabu, ahadi ni deni. Mtoto aitwe nani?"

Bi Mwajabu akamtazama mtoto. Alimwona Hoza bila fimbo yake ya kuchungia. Alimwona Eliya na kofia yake. Na moyoni mwake jina moja lilikuwa likipiga kama mvua juu ya bati: Singano, Singano. Alitamani kuliita jina lile uani asubuhi na kuitikiwa. Na hapo ndipo alipoogopa. Kwa maana akisema Kidawa, atakuwa amempa haki aliyechagua, au atakuwa amejipa mwenyewe mumewe? Na akimnyima Kidawa kwa kuogopa moyo wake, atakuwa ametenda haki, au atakuwa amemwadhibu binti kwa sababu mama yake anampenda marehemu?

Mtoto akapiga chafya. Watu wote wakasema, "Alhamdulillahi." Maalimu akangoja. Bi Mwajabu akafumbua mdomo.

Enyi mnaosikiliza, alitaja jina moja, nami silitaji. Hoza alitoa mpaka mtamba wa mwisho. Kidawa alichagua, akakataa kizuri cha macho. Eliya aliendesha, akalituliza gari ukingoni mwa korongo. Ahadi ilikuwa moja, na mtoto ni mmoja. Je, nani alistahili kumpa jina?

Na mkiwa mnabishana, kwa kuwa najua mtabishana, nyamazeni kidogo kwanza na mwinue mikono. Ewe Mola, mrehemu Mzee Singano bin Mbwana. Msamehe aliyoyaahirisha na aliyoyasahau. Lipanue kaburi lake, litie nuru, na umvushe salama pale ambapo sisi hatukuweza kumvusha. Amina.